Jeraha la Moyo na Tiba Yake

Longech ni ulimi wa mchanga katika Ziwa Turkana, karibu na Kalokol, kaskazini-mashariki ya Lodwar. Upande mmoja liko ziwa kuu, na upande wa pili iko Ghuba ya Ferguson. Wakazi wake ni wavuvi, na wengi wao ni uzao wa wafugaji waliopokonywa mifugo yao na ukame au wavamizi. Ukifika huko, msomaji, utaona mitumbwi, nyavu, na samaki walioanikwa juani. Hutaona hofu ya mtu aliyeponea chupuchupu katika tufani, wala kukosa usingizi kwa yule aliyeona ndugu yake akiuawa. Mambo hayo hukaa moyoni, na moyo hauna dirisha. Katika insha hii nataka tutazame jinsi wanadamu walivyojifunza kulitibu jeraha la namna hiyo.

Kwa muda mrefu jeraha la moyo halikuhesabiwa kuwa jeraha. Aliyezidiwa na hofu aliitwa mwoga, na aliyezidiwa na huzuni aliitwa mwenda wazimu. Hapa Kenya, serikali ya kikoloni ilifungua nyumba ya wagonjwa wa akili huko Mathari, Nairobi, mwaka 1910. Lakini nyumba za namna hiyo siku zile zilikuwa za kufungia watu zaidi kuliko za kuwaponya.

Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 ndiyo iliyowafumbua macho wengi. Mwaka 1915 tabibu Mwingereza, Charles Myers, aliandika habari za askari waliopoteza kumbukumbu na nguvu za kuona, kunusa na kuonja, baada ya mizinga kupasuka karibu yao. Mwaka 1917, katika hospitali ya Craiglockhart, Scotland, tabibu W. H. R. Rivers aliwatibu maofisa waliosumbuliwa na ndoto za vita. Watu walikuwa wakiwaambia wagonjwa hao wasahau. Rivers aliona kuwa shauri hilo lilikuwa sumu, kwa maana jambo linalofukuzwa mchana hurudi usiku. Aliwataka walizungumze, walitazame, na kulitafutia maana wanayoweza kuishi nayo.

Lakini elimu hiyo haikuwafikia wote. Katika vita hiyo askari 306 wa jeshi la Uingereza na makoloni yake walipigwa risasi na wenzao kwa kutoroka, kwa woga, na kwa makosa ya namna hiyo. Baadhi yao walikuwa wagonjwa wa mshtuko. Msamaha wao ulitolewa mwaka 2006, wakati wajane wao wengi walikwisha kufa. Hapo twaona kwamba kutojua kuna gharama, na aghalabu hulipwa na asiye na hatia. Hata jina rasmi la ugonjwa wenyewe, yaani msongo unaofuata mkasa mkubwa, liliingia katika kitabu cha matabibu wa akili wa Marekani mwaka 1980 tu.

Sasa turudi Turkana. Mwaka 2021 wataalamu wawili, Matthew Zefferman na Sarah Mathew, walitangaza uchunguzi wao juu ya wapiganaji 218 wa Kiturkana waliowahi kushiriki uvamizi wa mifugo. Waliona kwamba watu 28 katika kila mia walikuwa na dalili za ugonjwa huo. Basi ushujaa haumkingi mtu na jeraha la moyo. Lakini waliona jambo la pili: dalili za kuvunjika moyo zilikuwa hafifu kwao kuliko kwa askari wa Marekani waliokuwa wakitafuta tiba. Wataalamu hao walifikiri kuwa sababu ni jamii. Mpiganaji wa Kiturkana hurudi kwa watu wanaoijua vita, na yuko miongoni mwa wenzake waliopigana; habari zake hazimtengi nao. Hofu hubaki, lakini upweke na aibu hupungua.

Wako pia waliokuja Turkana kutoka mbali. Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992, na miongoni mwa wakazi wake wa kwanza walikuwamo maelfu ya vijana waliokimbia vita vya Sudan. Wasudan wengine walikimbilia Uganda, na huko, katika makazi ya Imvepi, tiba moja ilijaribiwa kwa wakimbizi 43. Matokeo yake yalitangazwa mwaka 2004. Katika tiba hiyo mgonjwa huweza kulaza kamba chini iwe mfano wa maisha yake. Huweka ua palipo na furaha na jiwe palipo na msiba, kisha husimulia yote kwa utaratibu tangu kuzaliwa, na mshauri huyaandika. Baada ya mwaka mmoja, waliosimulia hivyo na ambao bado walikuwa na ugonjwa walikuwa 29 katika kila mia. Kwa waliopewa mashauri ya kawaida tu, walikuwa 79. Uchunguzi mwingine wa Uganda, huko Nakivale, uliotangazwa mwaka 2008, ulionyesha kuwa wakimbizi wenyewe, wakifunzwa vema, waweza kuwatibu wenzao kwa njia hiyo.

Tafakari tofauti hiyo, msomaji. Maneno ya kufariji ni mema, lakini hayatoshi. Mkasa ambao haujasimuliwa hauna mwanzo wala mwisho. Kila unapokumbukwa ni kama unatokea leo. Ukisimuliwa kwa utaratibu hupata tarehe na mahali pake, na moyo hutambua kuwa umepita.

Kijana aghalabu huambiwa kuwa mwanamume halii. Lakini wahenga walisema pia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Ukiona hasira, hofu au huzuni inakutawala hata usingizi na masomo vinakushinda, usingoje ipite yenyewe. Mwendee mzazi, mwalimu, au mganga wa hospitali, umwombe akufikishe kwa mshauri. Na mwenzako akija kwako na habari zake, usimwambie asahau. Keti, umsikilize mpaka amalize.