Hadhira ya Sanaa ya Ufadhili: Bombolulu na Malya

Mwaka 1969 Chama cha Walemavu wa Viungo cha Kenya kilianzisha karakana za Bombolulu, kusini ya Bamburi, kando ya barabara ya Mombasa–Malindi. Mafundi wenye ulemavu walifua bangili na vidani, wakachonga mbao, wakashona nguo na ngozi. Kazi zao zikavuka bahari kupitia biashara ya haki. Baadaye pakaongezwa kituo cha utamaduni, chenye nyumba za jadi za jamii mbalimbali za Kenya pamoja na maonyesho ya ngoma.

Fundi alipata ujira, na hilo si dogo. Hata hivyo, mhakiki hana budi kuuliza: hadhira ni nani? Bangili huvaliwa popote bila mkalimani. Wimbo wa ngoma, kwa upande wake, huimbwa mbele ya mtalii ambaye aghalabu haelewi maneno yake, wala hana la kujibu ila makofi.

Huko Malya, mkoani Mwanza, mambo yalikuwa kinyume. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wahadhiri wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishirikiana na wanakijiji, ambao walizitumia ngoma zao kuchambua matatizo yao wenyewe. Ajabu ni kwamba Penina Mlama, aliyetunga tamthilia za Hatia na Nguzo Mama kwa Kiswahili, alisimulia kazi hiyo kwa Kiingereza, katika kitabu kilichochapishwa Uppsala, Uswidi, mwaka 1991. Mfadhili aliweza kukisoma moja kwa moja. Mwanakijiji wa Malya alihitaji mfasiri.