"Righteous" na Maji ya Bumbire

Yako maneno ya Kiingereza ambayo tuliyameza shuleni bila kuyatafuna. "Righteous" ni mojawapo. Tuliambiwa maana yake ni "mwenye haki", tukaandika kwenye madaftari, somo likaishia hapo.

Asili yake ni Kiingereza cha kale, "rihtwis": "riht", yaani kunyooka, na "wis", yaani namna au njia. Basi mtu wa aina hiyo alikuwa mtu wa mwenendo ulionyooka. Katika karne ya 16 mwisho wa neno ulibadilishwa ukafanana na maneno yaliyotoka Kifaransa, na ile "njia" ikapotea machoni pa wasomaji. Baadaye Waingereza walipata neno la kumsema mtu anayejiona amenyooka kuliko wenzake: "self-righteous". Sisi twasema anajihesabia haki, na nionavyo usemi wetu ni mkali zaidi, kwa maana unamwonyesha mtu ameketi na hesabu yake, akijijumlishia mwenyewe.

Kiswahili chetu kilichukua "haki" kutoka Kiarabu, ambako neno hilo hubeba pia ukweli na kile mtu anachostahili. Kwa hiyo haki ya mahakamani na haki ya moyoni kwetu ni neno moja. Mwingereza amezigawa: moja kaiita "justice", nyingine "righteousness". Mgawanyo huo una hatari yake. Mtu aweza kujiona amejaa hii ya pili, na ya kwanza asiwe nayo hata chembe.

Hapa ndipo ninapokumbuka kisiwa cha Bumbire, katika Muleba ya leo. Tarehe 28 Aprili 1875, Henry Morton Stanley, akitoka kwa Kabaka Mutesa wa Buganda, alifika huko na mashua yake, Lady Alice, akitafuta chakula. Wenyeji waliiburuta mashua hadi nchi kavu na watu wakiwa ndani, wakachukua makasia. Stanley aliponyoka kwa risasi, na watu wake wakapiga maji kwa mbao walizong'oa mashuani. Kwa nini wenyeji walifanya vile? Yeye aliona ukatili tu. Mimi naona watu wa kisiwa, majirani wa Buganda yenye mitumbwi ya vita, wakiona wageni wenye silaha wakitokea upande huohuo.

Kama mambo yangeishia hapo, tungesema ni mtu aliyejiokoa. Lakini alirudi. Kwanza alimkamata Shekka, mkuu wa kisiwa, akamtaka Antari, mfalme wa Ihangiro, ajibu madai yake. Kisha, tarehe 4 Agosti 1875, alifika mbele ya Bumbire na mitumbwi iliyojaa wapiganaji, Waganda wakiwemo. Wenyeji walijipanga mteremkoni na mikuki na pinde. Yeye alibaki majini, mahali ambapo bunduki inafika na mshale haufiki, akaamuru wapigwe. Makumi walikufa. Na aliandika habari hiyo mwenyewe, kwa magazeti ya Daily Telegraph na New York Herald, kama hakimu anayesoma hukumu! Kwake ilikuwa adhabu iliyostahili.

Habari zilipochapishwa mwaka 1876, wapo Waingereza walioona aibu. Henry Yule na H. M. Hyndman walilipeleka jambo hilo mbele ya Chama cha Kifalme cha Jiografia huko London, wakitaka kitendo kile kilaaniwe. Hao nawaheshimu, kwa sababu walisoma maneno ya mwenzao aliyejihesabia haki, nao wakahesabu maiti. Chama hakikuwa tayari kumtupa mpelelezi maarufu, na mwaka 1878 kitabu chake cha safari kilitoka, kikasomwa kwa shangwe.

Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza nayo ilichukua hatua. Ilimwagiza balozi wake Zanzibar, John Kirk, amjulishe Stanley kwamba hakuwa na ruhusa ya kupeperusha bendera ya Kiingereza.