Busta za simu mipakani: gaini inayojidhibiti na mawimbi taka

Busta ya simu, au ripita kama mafundi wanavyoiita, hupokea mawimbi ya mnara kwa antena ya nje, huyakuza na kuyarusha ndani ya duka au ghala. Sauti ya mwenye simu nayo hupitia humo humo kurudi mnarani. Ukuzaji, yaani gaini, hupimwa kwa desibeli. Desibeli 60 ni kukuza nguvu mara milioni moja. Desibeli 70 ni mara milioni kumi. Ndiyo maana kifaa cha kubeba kwapani kinaweza kuvuruga mnara wa mtaa mzima.

Kinga ya kwanza ni udhibiti wa gaini unaojiendesha, ambao kwenye karatasi ya vipimo huandikwa AGC. Sakiti hupima nguvu inayotoka, na ikikaribia kikomo hupunguza ukuzaji. Bila hiyo amplifaya hulemewa na kuzaa masafa ambayo hayakuingia kabisa. Mfano ni GSM 900: minara hurusha kati ya 935 na 960 MHz, simu hujibu kati ya 890 na 915. Mawimbi ya 936 na 958 yakichanganyika ndani ya amplifaya iliyolemewa, huzaliwa la 914 (936 mara mbili, toa 958). Kichujio kikiwa dhaifu, taka hiyo hutoka na kuingia moja kwa moja kwenye sikio la mnara.

Mipaka ya mawimbi taka imo katika pendekezo SM.329 la ITU. Kundi A linaruhusu hadi -13 dBm. Kundi B, linalofuatwa Ulaya, linaruhusu -36 dBm chini ya 1 GHz na -30 dBm juu yake. Kati ya -13 na -36 kuna tofauti ya nguvu ya mara 200, kwa hiyo neno “imefaulu” peke yake halitoshi; uliza imefaulu kikomo kipi. Viwango vya 3GPP vya ripita vinataka pia kipimo kirudiwe mawimbi yanayoingia yakiwa yamezidishwa desibeli 10 juu ya kiwango kinachotoa nguvu kamili. Hapo ndipo AGC ya jina tu huumbuka.

Namanga, Busia au Rusumo kuna tatizo jingine. AGC ya busta inayokuza bendi nzima hupima jumla ya nguvu, haijui mtandao upi ni wako. Mnara wa nchi jirani ukiwa karibu, gaini hushuka kwa sababu yake, na mtandao wako wa mbali unabaki dhaifu vile vile. Mteja atasema umemuuzia kitu kibovu. Hapo inafaa busta inayochagua masafa ya mtandao mmoja, ingawa bei yake ni kubwa.

AGC pia haiponyi mluzi. Antena ya ndani ikisikika na ya nje, busta hulia kama kipaza sauti kilichosogezwa karibu na spika. AGC huzuia mluzi usipande tu, hauukomeshi. Mafundi huacha utengano unaozidi gaini kwa desibeli 15 hivi, na busta nzuri hujizima yenyewe. Kanuni za FCC za Marekani za mwaka 2013 zililazimisha kinga hizo kwa busta za watu wa kawaida. Lakini idhini ya Marekani si pasi ya kuuzia hapa: busta ya bendi ya 850 hukuza 869 hadi 894 MHz kuelekea simu, wakati GSM 900 iliyopanuliwa hutumia kuanzia 880 kwa simu kujibu mnara.

TCRA, CA ya Kenya, UCC na RURA kila moja hutoa idhini yake ya aina ya kifaa. Iulize mamlaka ya nchi unakopeleka mzigo, pamoja na kampuni ya simu yenye masafa hayo, kabla ya kulipia oda.