Mama Yake Rama Ni Nani?

Ndugu msikilizaji, mzazi wa mjini akimkuta mwanawe na kitabu cha katuni siku chache kabla ya mtihani, mara nyingi humnyang'anya na kumpa kitabu cha darasani. Kwake katuni ni mchezo na elimu ni kazi, na viwili hivyo havipikwi chungu kimoja. Leo tumtazame Mhindi mmoja aliyevipika pamoja, na watoto wa nchi yake wakala wakashiba.

Anant Pai alizaliwa mwaka 1929 huko Karkala, kusini mwa India, akafiwa na wazazi wake angali mdogo. Alipokuwa mfanyakazi wa Times of India mjini Bombay, ambayo leo huitwa Mumbai, alishiriki kuanzisha katuni za Indrajal mwaka 1964. Shujaa wao mkuu alikuwa Phantom, aliyebuniwa Marekani.

Mwaka 1967, akiwa Delhi, Pai alitazama mashindano ya chemsha bongo kwenye televisheni. Vijana walijibu vizuri maswali juu ya miungu ya Wagiriki wa kale. Walipoulizwa mama yake Rama, shujaa wa utenzi wa Ramayana, walinyamaza. Jibu ni Kausalya. Vijana wale walikuwa werevu. Walijua walichofundishwa na vitabu walivyopewa.

Pai aliacha kazi, akaungana na wachapishaji wa India Book House kutoa mfululizo wa Amar Chitra Katha, yaani hadithi za picha zisizokufa. Walianza na masimulizi ya dini kama maisha ya Krishna, kisha wakafuata wafalme, washairi na wapigania uhuru. Vitabu vikazidi 400, vikatafsiriwa katika lugha nyingi za India. Watoto wengi walijifunza historia ya nchi yao humo kabla ya kuikuta darasani.

Hata hivyo, kalamu ya mchoraji nayo ina upande. Wasomi wa India walilalamika kwamba mashujaa walichorwa weupe na majitu maovu yakachorwa meusi, na kwamba wafalme wa Kihindu walipewa utukufu ambao Waislamu hawakupewa. Lalamiko hilo ni zito. Mtoto hujifunza kwa picha hata pale asipojua kwamba anafundishwa, na asichokisoma kwa maneno hukisoma katika rangi ya ngozi.

Mwaka 1980 Pai alianzisha jarida la watoto liitwalo Tinkle, lenye katuni, visa vya kuchekesha na maelezo ya sayansi. Hapa msomaji naye alipewa nafasi ya kusema. Watoto walimwandikia "Mjomba Pai" barua, na wasomaji wakatuma hadithi za kwao. Suppandi, mhusika aliyependwa kuliko wengi, alitokana na visa vilivyotumwa na msomaji mmoja wa Tamil Nadu, naye Ram Waeerkar akamchora. Suppandi ni mtumishi anayefuata kila agizo neno kwa neno, hata akaharibu kila kitu. Sisi tungemwita juha, na waliosoma Taifa Leo la Nairobi watamkumbuka Juha Kalulu wa Edward Gitau.

Pai alifariki mwaka 2011, lakini swali la mwaka 1967 halikuzikwa naye. Vichwa vya watoto havikai vitupu. Tusipovijaza sisi, atavijaza mwingine, kwa mashujaa wake na kwa rangi zake.

Basi, ndugu msikilizaji, ukimkuta mwanao na katuni, usiwe mwepesi wa kunyang'anya. Kaa naye msome ukurasa mmoja. Mwulize shujaa ni nani, adui ni nani, na kwa nini amechorwa hivyo. Kisha mwulize Kinjeketile Ngwale alikuwa nani. Akinyamaza, usimkaripie. Jibu hilo lilikuwa deni letu sisi wakubwa.