Nduthi na Mabasi ya Stima Zinaundwa Wapi Hapa Kenya?

Ile nduthi inakupita mtaani bila kelele huenda imetoka hapa hapa Nairobi. Roam, zamani ikiitwa Opibus, ilifungua kiwanda cha Roam Park Julai 2023, kikiwa na uwezo wa kutoa pikipiki 50,000 kwa mwaka. Mabasi ya BasiGo nayo yameunganishwa AVA kule Mombasa, na pia KVM pale Thika.

Lakini neno "kuundwa" lisikuchanganye. Kazi kubwa bado ni kuunganisha. Vifaa vingi vinatoka China, na betri ndio inakula doh mob zaidi.

Hapo ndio serikali inaingilia. 2019 ilishusha ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme kutoka asilimia 20 hadi 10. Sheria ya Fedha ya 2023 ikaondolea basi na pikipiki za umeme VAT, pamoja na betri za lithiamu. Mwaka huo huo EPRA ikaweka bei maalum ya stima ya kuchaji, nafuu zaidi usiku. Noma ni kwamba kila Juni kuna Mswada mpya wa Fedha, na msamaha unaweza kuguswa. Mwenye kiwanda anapanga ya miaka kumi, wabunge wanapanga ya mwaka mmoja.

Wewe wa boda, kabla uweke deposit, uliza: betri ni yangu ama nakodi? Ya kukodi inashusha bei ya nduthi, lakini utalipa kila ukibadilisha.