Kutoka Sokoni hadi Moyoni: Historia Fupi ya Kitenzi “Engross”

Kitenzi cha Kiingereza “engross” leo hutumika zaidi katika hali ya kutendwa, kumhusu mtu aliyezama katika kitabu au mazungumzo hata asisikie akiitwa. Maana hiyo tulivu inaficha historia ya sokoni. Asili yake ni Kifaransa “en gros”, yaani kwa jumla. Kufikia karne ya 15 kitenzi hicho kilimaanisha kununua shehena nzima ya bidhaa ili kuihodhi. Huko Uingereza, sheria ya mwaka 1552 iliwaadhibu waliofanya hivyo, hasa katika biashara ya nafaka. Ilifutwa mwaka 1772, na kosa lenyewe likaondolewa mwaka 1844. Kufikia wakati huo neno lilikuwa limekwisha kuhamia katika uwanja wa fikra: kinachohodhiwa si nafaka tena, bali nadhari ya mtu.

Kiswahili hakikufuata njia hiyo. Kitenzi “langua”, kinachokaribiana na maana ya kale, kingali sokoni. Kwa maana ya sasa, wafasiri huchagua “zama”, sitiari ya maji. Tofauti si ndogo. Katika “zama”, mhusika ndiye anayeshuka, na sentensi haimdai aliyemshusha. Kiingereza humfanya mtendwa aliyenyang’anywa nadhari yake yote. Pale matini yanapotegemea unyang’anyi huo, “tekwa” hufaa zaidi, kwa kuwa moyo uliotekwa hauwezi kukosa mtekaji.