Gereji Bubu na Matengenezo Makubwa ya Injini za Pikapu Kuukuu Kinondoni na Temeke, Dar es Salaam, Tangu Miaka ya 1970

Utangulizi

Makala haya yanachunguza namna wamiliki wa pikapu kuukuu katika Kinondoni na Temeke walivyojifanyia matengenezo makubwa ya injini nje ya karakana rasmi. Hoja kuu ni kwamba, kwa mazingira ya Dar es Salaam, kujitengenezea gari hakukumaanisha mtu mmoja kufanya kazi peke yake. Kulimaanisha mwenye gari kushika mamlaka ya kazi: kununua spea, kuwapo injini inapofunguliwa, na kuamua kipi kitengenezwe na kipi kibadilishwe. Utaratibu huo ulikuzwa na uhaba, lakini haukutoweka uhaba ulipopungua. Makala yanaeleza kwa nini.

Uhaba na chanzo chake

Katika miaka ya 1970 uchumi wa Tanzania ulipata mapigo yaliyofuatana. Bei ya mafuta ilipanda kuanzia mwaka 1973 na tena mwaka 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Vita vya Kagera vya 1978–1979 vilimeza fedha nyingi. Fedha za kigeni zilipokuwa haba, uagizaji wa magari na spea ulibanwa. Mwaka 1983 Serikali iliendesha kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, na bidhaa nyingi zikazidi kuwa adimu madukani. Mwaka huohuo magari ya watu binafsi yaliruhusiwa kubeba abiria jijini, nayo magari madogo ya mizigo yaliyofungwa mabenchi, maarufu kama chai maharage, yakawa sehemu ya usafiri wa kila siku. Hivyo, injini iliyokufa haikuwa hasara ya tajiri mmoja tu. Abiria walikosa usafiri, na mazao yalichelewa kufika sokoni.

Aili Mari Tripp, katika kitabu chake cha mwaka 1997, Changing the Rules, ameonesha jinsi wakazi wa Dar es Salaam walivyotegemea miradi ya pembeni mishahara ilipopoteza thamani. Kwa familia nyingi pikapu ilikuwa mradi wa aina hiyo. Kuiacha juu ya mawe ni kuufunga mradi.

Kazi yenyewe na mgawanyo wake

Dalili zilijulikana. Moshi wa buluu na oili inayopungua kila siku viliashiria ringi zilizolika. Moshi mweupe, mapovu kwenye rejeta na oili yenye rangi ya maziwa viliashiria gasketi ya silinda hedi iliyoungua au hedi iliyopasuka. Hapo ndipo mwenye gari alipoamua kushusha injini.

Kazi iligawanyika sehemu tatu. Kwanza, injini ilifunguliwa kwenye gereji bubu, mara nyingi chini ya mti, ambako tawi imara au nguzo tatu zilizofungwa pamoja zilibeba mnyororo wa kunyanyulia. Pili, vyuma vilipelekwa kwenye karakana yenye mashine ili silinda zichongwe, krenki isagwe na uso wa hedi usawazishwe. Tatu, spea zilitafutwa katika maduka ya Kariakoo na Gerezani. Hatimaye injini ilifungwa upya palepale ilipofunguliwa, boliti za hedi zikikazwa kwa awamu kuanzia katikati kwenda pembeni ili hedi isipinde.

Aliyeziunganisha sehemu hizo tatu ni mwenye gari. Ndiye aliyebeba krenki, aliyelinganisha beringi mpya na ya zamani, na aliyekaa kwenye kigoda mchana kutwa ili spea nzima isibadilishwe na mbovu. Kukaa huko kulikuwa ulinzi, lakini kulikuwa pia somo. Maneno fundi, kufundisha na mwanafunzi yana uhusiano wa mzizi, na gereji ilidhihirisha uhusiano huo: saidia fundi alijifunza kwa kushika spana, mwenye gari kwa kutazama na kuuliza. Baada ya injini ya pili, wengi waliweza kufungua ya tatu kwa msaada mdogo.

Baada ya mwaka 1984

Mwaka 1984 Serikali iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa zilikotoka, na mwaka 1986 Mpango wa Kufufua Uchumi ukapanua biashara huria. Magari ya Kijapani, zikiwamo pikapu za Toyota Hilux, yaliongezeka, na spea zikajaa madukani. Ingetarajiwa kwamba gereji bubu zingepungua. Haikuwa hivyo, kwa kuwa spea halisi na bandia zilikaa rafu moja. Tatizo la kukosa spea likawa tatizo la kuitambua spea. Mwenye gari aliyezoea kusimamia kazi alikuwa na sababu mpya ya kuendelea kuisimamia.

Injini kama hifadhi ya kumbukumbu

Nyaraka rasmi hurekodi magari yaliyoingia, si yaliyofufuliwa. Jina gereji bubu, kama lilivyo la bandari bubu, hutaja mahali pasipo kibali wala kumbukumbu. Hata hivyo, chuma chenyewe kina maandishi. Pistoni zisizo za kipimo cha kiwandani hugongwa namba, kama vile 0.50 au 1.00, zikionesha milimita ambazo silinda imepanuliwa. Beringi za krenki nazo huonesha kiasi kilichosagwa. Mtafiti anayesoma namba hizo hupata ushahidi wa maisha ya gari ambao hautapatikana katika jalada lolote. Joshua Grace, katika African Motors (2021), ameonesha kuwa gereji za Tanzania zilikuwa mahali pa kuunda maarifa. Makala haya yanaongeza kwamba mwenye gari naye alikuwa miongoni mwa waundaji hao.

Hitimisho

Leo maarifa hayo yanapungua kwa njia mbili. Injini za mtumba kutoka Japani na Dubai humwezesha mtu kubadilisha injini nzima badala ya kuikarabati, na magari mapya yanayoongozwa kwa kompyuta hayasomeki kwa macho na sikio pekee. VETA imeweka utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, hatua inayompa fundi cheti. Hata hivyo, cheti hicho humtambua fundi mmojammoja. Hakihifadhi uhusiano wa fundi, mchonga vyuma, muuza spea na mwenye gari, ambao ndio uliozifanya pikapu za Kinondoni na Temeke ziendelee kutembea. Kwa kuwa waliofungua injini katika miaka ya uhaba sasa ni wazee, kuyakusanya masimulizi yao, pamoja na vyuma walivyovihifadhi, ni kazi isiyopaswa kuahirishwa.